Konokono wa Bomba la Tatu

Miezi minane mfululizo, kila Jumatatu asubuhi, Spana alikuwa akigombana na chujio moja. Machujio mengine ya jengo lile yalikuwa na adabu zake: unalifungua, unalisuuza, unalirudisha, unaendelea na maisha yako. La bomba la tatu lilikuwa na kiburi. Ukilisafisha leo, wiki ijayo limejaa tena, na wala si kwa matope au nyuzi za mwani kama wenzake. Lilijaa chembe nyeusi kama ufuta, kikombe kizima.

Jina la Spana alipewa kazini, likamganda mpaka mumewe naye akalizoea. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mfupi, mabega mapana, na sauti yake ukiwa mlangoni pa kukatia tiketi uliisikia kutoka chumba cha pampu. Ndiye aliyekuwa fundi bomba pekee wa nyumba ile ya viumbe vya baharini. Chini kulikuwa na matangi kumi na moja ya kioo, yakinywa maji yaliyovutwa moja kwa moja kutoka baharini kwa mabomba sita. Juu kulikuwa na ofisi, na mwisho wa korido chumba kirefu chenye droo mia tatu za makombe. Chumba hicho kilikuwa himaya ya wifi yake, dada wa mumewe, mtaalamu wa konokono wa baharini.

Mawifi hao wawili walifanya kazi chini ya paa moja na kwa mwaka mzima hawakuwa na zaidi ya salamu. Mambo yenyewe yalianza kwa utani. Siku moja ukoo umekusanyika mezani, Spana akasema wifi yake amesoma miaka saba ng'ambo ili aje kupanga vumbi kwenye droo. Watu wakavunjika mbavu. Wifi naye akajibu kwamba afadhali vumbi, kuliko kulipwa kwa kufungua na kufunga koki. Watu wakacheka tena, ila safari hii wao wawili hawakucheka. Tangu hapo wakikutana ngazini ni "Hujambo wifi," "Sijambo wifi," na kila mtu na njia yake.

Jumatatu hiyo Spana alifika kazini akiwa na furaha ya mtu anayekwenda kumzika adui yake. Bomba la tatu lilikuwa linang'olewa. Alikuwa amemwandikia meneja barua nne kulilalamikia, na hatimaye bomba jipya lilikuwa limelala koridoni, jeupe, refu, linanukia duka. Meneja alikuwa ametoa ratiba: saa tano kamili maji ya tangi kubwa yanafungwa, saa saba wanafunzi mia mbili wanaingia, na hapo katikati kazi iwe imekwisha.

Saa nne na robo Spana alilifungua lile chujio kwa mara ya mwisho. Kawaida chembe zile alizisukumia mferejini kwa maji mengi, lakini leo alitaka meneja azione kwa macho yake, asije akadhani zile barua zilitiwa chumvi. Akachukua kifuniko cheupe cha ndoo, akamimina maji kidogo, akazirundika chembe katikati kama kichuguu. Kisha akageuka kutafuta kitambaa cha kufutia mikono.

Aliporudi, kichuguu hakikuwapo.

Chembe zilikuwa zimetawanyika kifuniko kizima. Nyingine zilikuwa zimefika ukingoni. Spana alisimama na kitambaa mkononi, akivuta kumbukumbu kama aligonga kifuniko kwa kiwiko. Hakukigonga. Akainama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Chembe moja iliyokuwa karibu na kidole chake ilikwenda polepole, ikasimama, ikapinda kushoto.

"Wee!" Spana alisema, peke yake, chumbani mle.

Akatoa simu, akawasha tochi yake, akafungua kamera, akaivuta picha mpaka ikawa kubwa kadiri ilivyoweza. Kwenye kioo cha simu, ile chembe ikawa nyumba. Nyumba ndefu, ya kahawia, imezungushwa kama ngazi za mnara, na utepe mweupe mwembamba ukiifuata kuanzia chini hadi kileleni. Chini ya nyumba palichungulia kitu laini chenye pembe mbili nyembamba kuliko unywele, na pembe hizo zilikuwa zinapapasa njia.

Utepe ule alikuwa ameuona mahali. Aliuona nyumbani kwa wakwe zake, kwenye picha kubwa ukutani, ambayo mama mkwe aliitundika kwa fahari miaka mingi iliyopita: gamba moja la konokono aliyegunduliwa na bintiye. Kila mwanaukoo aliijua hadithi hiyo. Wifi, akiwa bado mwanafunzi, alichekecha mchanga wa ufukweni akaokota magamba matatu matupu, madogo kuliko punje ya mchele, akayapa jina la kitaalamu na kuyaandikia makala. Miaka miwili baadaye profesa mmoja mzito akaandika makala yake, mistari sita tu: hakuna konokono mpya hapo, hivyo ni vitoto vya konokono wa kawaida anayejulikana na kila mtu. Kwa mistari hiyo sita jina lilifutwa kwenye vitabu. Tangu siku hiyo, miaka kumi na tisa, wifi alikuwa akimtafuta konokono huyo akiwa hai, na hakuwahi kumwona hata mmoja.

Spana alikibeba kifuniko kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba uji wa moto, akapanda ngazi.

"Hodi!"

"Kama ni habari ya bomba, kelele zako nimeshazisikia," wifi alijibu bila kugeuka. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mvi alizozibana kwa penseli.

"Wifi, acha hiyo kalamu. Njoo uangalie."

"Nina ripoti ya—"

"Wifi! Njoo!"

Labda ilikuwa ile sauti. Wifi aligeuka, akatazama kifuniko, akamtazama Spana, kisha akavuta bomba dogo la kioo, akafyonza chembe mbili tatu pamoja na maji, akaziweka chini ya hadubini. Akainama.

Spana aliona mgongo wa wifi yake ukipanda na kushuka. Halafu mkono wa wifi ukanyooka nyuma, ukapapasa hewani, ukaukamata mkono wa Spana na kuubana mpaka mifupa ikauma.

"Wazima," wifi alinong'ona. "Wazima hawa. Wanatembea. Spana, umewatoa wapi?"

"Bomba la tatu. Kwenye chujio."

"Wapo wangapi?"

"Leo? Kama kikombe."

"Kikombe!" Wifi aliinua uso. Macho yalikuwa yamejaa maji. "Na hizo siku nyingine, unawafanya nini?"

Spana alitamani sakafu ipasuke. "Huwa... nawamwaga."

"Unawamwaga wapi?"

"Mferejini."

"Tangu lini?"

"Miezi minane. Kila Jumatatu."

Wifi alimkodolea macho. Spana alijiandaa kwa lolote, hata kofi. Badala yake wifi alianza kutikisika mabega, kisha akaangua kicheko ambacho mfanyakazi wa ofisi ya pili alitoka kuja kukisikiliza. "Nimepiga mbizi kwenye bahari tatu!" alisema, akifuta machozi kwa kiganja. "Nimechekecha mchanga wa kujaza jengo hili! Na wewe, chini ya miguu yangu, unamwaga kikombe kizima kila wiki!"

"Nisamehe wifi. Mimi nilijua ni uchafu."

"Nikusamehe nini? Ungekuwa mvivu wa kusafisha ningekufa bila kuwaona!"

Wakakumbatiana, kwa mara ya kwanza baada ya mwaka, Spana akiwa na mafuta ya pampu mpaka kwenye viwiko. Lakini wifi alijitoa upesi. Tayari alikuwa anafikiri.

"Hawa peke yao hawatoshi," alisema. "Profesa atasema: sawa, ni vitoto, ila vitoto vilivyo hai. Lazima nionyeshe kwamba ni watu wazima."

"Utaonyeshaje?"

"Mayai. Mtoto hatagi. Nikimwonyesha mmoja tu na mayai yake, mjadala umekwisha."

"Mayai yenyewe yakoje?"

"Najua basi? Hakuna binadamu aliyewahi kuyaona! Yatakuwa wanakoishi, yamegandishwa ukutani. Ndani ya bomba." Akageukia mlangoni. "Spana, hilo bomba si ndilo lile mnalo..."

Hakumaliza. Kutoka chini, kupitia sakafu, ulisikika msumeno wa chuma.

Spana alitazama saa ya ukutani. Saa tano kasoro dakika kumi na tano. Meneja, na haraka zake, alikuwa ameanza kabla ya wakati.

Ngazi zile alizishuka mbilimbili, mtu ambaye kila siku alilalamikia magoti. "Simama!" alipiga kelele kabla hata hajafika. "Simama! Toa msumeno!"

Vibarua wawili walikuwa wamepanda juu ya makreti, msumeno ukiwa umekwisha kuzama nusu ya bomba. Maji yalikuwa yanarushwa kama chemchemi. Chini yake alisimama meneja, mtu wa tai na saa kubwa, ameshika mwavuli ndani ya nyumba.

"Kuna nini?" meneja alifoka.

"Bomba hili lisikatwe vipande. Lina viumbe ndani."

"Spana. Si wewe uliyeniandikia barua nne?"

"Nne, mkubwa. Na ya tano nakusomea kwa mdomo: nilikosea."

Wifi alifika akihema, penseli ikiwa imechomoka na nywele zimesimama wima, akaanza kueleza, konokono, profesa, miaka kumi na tisa, mayai, maneno yakigongana mlangoni mwa mdomo. Meneja alimsikiliza, na sifa yake moja ni kwamba alikuwa msikivu. Akatikisa kichwa.

"Daktari, nakuelewa. Lakini tazama. Limeshakatwa nusu, halirudi tena. Kwenye tangi kubwa nina kasa wawili na samaki mia na ushee. Bila maji mapya watakaa saa moja, si zaidi. Na saa saba nina watoto mia mbili mlangoni. Mnataka nifanye nini?"

Wote wawili, meneja na wifi, walimgeukia Spana.

Baadaye Spana alimweleza mumewe kwamba hapo ndipo alipoona jengo zima kichwani kwa mara moja, kila koki na kila kona, kama mtu anavyoiona nyumba aliyokulia akifumba macho. Bomba lile lilikuwa na urefu wa mita tano. Halikuhitaji kukatwa vipande. Likifunguliwa kwenye viungio vyake vya mwisho, lingeshuka zima, na maji yake tumboni, na wenyeji wake bila habari.

"Kasa wako watapata maji," alisema. "Na wifi yangu atapata bomba lake. Nipeni dakika hamsini. Wewe, leta vizibo viwili vya inchi nne. Wewe, yale makreti sogeza huku. Mkubwa, weka mwavuli chini, unashika ncha."

Meneja aliweka mwavuli chini.

Spana aliufunga ule mkato kwa mpira wa tairi na bangili za chuma, chemchemi ikafa. Akafunga koki kuu. Saa moja ya kasa ikaanza kuhesabiwa. Kiungio cha kwanza kilifunguka kwa hiari. Cha pili kilikuwa kimekaa pale miaka kumi na minne na hakikuwa na nia ya kuhama. Aliing'ang'ania spana kubwa ya bomba, akaitia uzito wake wote, hakuna. Akamwita wifi. Wanawake wawili, mmoja mfupi na mmoja mrefu, walining'inia kwenye chuma kile kama wanaovuta kengele.

"Moja, mbili, vuta!"

Kikalia kwa mlio wa kukera meno, kikaachia. Wote wawili walikaa chini kwenye maji.

Vizibo vikaingia kabla maji hayajamwagika ndoo moja. Watu watano walilibeba bomba mabegani kama gogo, wifi nyuma akiwasihi, "Polepole jamani, polepole, wasitikisike," wakalilaza kwenye beseni refu la chumba cha kuoshea. Spana alivuta mpira wa maji kutoka bomba la nne, akatoa vizibo, akauunganisha ncha moja, akaachia maji taratibu. Upande wa pili maji yakatoka safi, kwa kasi ileile ya zamani. Wenyeji walikuwa wamehama mtaa bila kufungasha.

"Huku nimemaliza," alisema. "Wewe tafuta mayai. Mimi naenda kwa kasa."

Bomba jipya alilifunga kwa haraka; tepu nyeupe ilimponyoka mara mbili na mara mbili akajicheka. Zikiwa zimebaki dakika kumi na nane alikuwa anakaza kiungio cha mwisho alipomsikia wifi akimwita. Sauti haikuwa ya kawaida. Ilikuwa inapanda.

"Spana! Spana! Njoo!"

"Siwezi! Kasa!"

"Njoo uone!"

"Dakika mbili!"

Alikikaza. Akafungua koki kuu. Bomba jipya likakohoa, likatema hewa, likanguruma, na kule mbele kwenye tangi kubwa maji yakaanza kuporomoka. Kasa mmoja aliinua kichwa kuyapokea. Spana hakungoja kuona zaidi. Alikimbia.

Wifi alikuwa amekata kipande cha ncha ya bomba, urefu wa viganja viwili, akakipasua kwa urefu na kukilaza kwenye sinia lenye maji ya bahari. Ukuta wa ndani ulikuwa mweusi kwa konokono, mamia, wamejipanga wote vichwa vikielekea maji yalikokuwa yakitokea. Katikati yao palikuwa na malengelenge madogo yasiyo na rangi, kama matone ya umande yaliyosahau kudondoka.

"Hapa," wifi alisema, akimsukumia lenzi. "Kushoto. Angalia huyu."

Spana aliangalia. Lengelenge lilikuwa na nukta nane nyeupe ndani yake. Juu yake alikuwa amekaa konokono mmoja, utepe wake mweupe uking'aa, na chini ya mwili wake laini lengelenge la pili lilikuwa linatokea. Likavimba. Likatua ukutani. Ndani yake nukta moja ikateleza na kukaa mahali pake, kisha nyingine.

"Anataga," Spana alisema. Hakujua kwa nini alikuwa ananong'ona. "Wifi, huyu mama anataga sasa hivi."

"Mbele ya macho yetu," wifi alisema. "Na kamera hii ya juu ya sinia imewaka. Kila kitu kimeingia."

Walikaa hivyo zaidi ya saa nzima, nguo zimelowa, vichwa vimegusana juu ya sinia, mpaka nukta ya nane ikaingia. Nje, watoto mia mbili walikuwa wameanza kuingia kwa vifijo, na saa ya meneja ilionyesha saa saba kasoro dakika nne.

Video ile ilitumwa siku hiyohiyo. Profesa, ambaye sasa alikuwa mzee mstaafu, alijibu kesho yake asubuhi. Safari hii aliandika mistari mitatu. Alisema ameitazama mara kumi na moja, kwamba yeye ndiye aliyekosea, na kwamba angependa kuja. Alikuja baada ya wiki tatu, akakaa kwenye kigoda cha chumba cha kuoshea siku mbili nzima na lenzi jichoni, akichekacheka. Jina likarudishwa vitabuni.

Lakini swali moja lilibaki, na Spana ndiye aliyeliuliza. Kwamba konokono hao waliingia wakiwa wachanga, na maji, hilo lilieleweka. Bomba lina giza, lina utelezi wa kula, halina samaki wa kuwala. Sasa kabla binadamu hajatengeneza mabomba, walikuwa wanaishi wapi?

"Mchangani tumetafuta," wifi alisema.

"Mchangani maji yamelala. Hawa hawapendi maji yaliyolala, uliwaona walivyojipanga. Hawa wanataka maji yaliyobanwa. Yakibanwa yanakimbia." Spana alichukua kalamu ya wifi, akachora kwenye ripoti yake bila kuomba ruhusa. "Ningekuwa mimi nimetumwa kutafuta bomba baharini, ningetafuta mwamba wenye ufa unaotokeza pande zote mbili."

Wifi alichana ukurasa wenye mchoro, akautia mfukoni.

Jumamosi iliyofuata, saa mbili asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, mawifi wawili walikuwa kwenye miamba na viatu vya mpira na tochi za kichwani. Mianya sita ya kwanza ilikuwa mitupu. Ya saba ilikuwa myembamba, chini ya jiwe lililoinama, na maji yalipita humo kwa mluzi. Nafasi ya kulala mbele ya ufa ilikuwa finyu kwa wifi na miguu yake mirefu. Spana alilala kifudifudi kwenye mwani, akaingiza kichwa na mkono, miguu imebaki nje ikipiga hewa.

"Unaona nini?" wifi aliuliza. "Spana? Sema basi! Wapo?"

Sauti ilitoka ndani ya mwamba, kubwa, ikigonga kila upande.

"Wapo, wifi! Ukuta mzima! Na mayai yao!"

Wifi naye akajitupa chini kwenye maji baridi, akamsukuma kiunoni apate nafasi ya kuchungulia.